Maji ya Hori Huenda na Kurudi

Hotuba juu ya usafi wa hori la Tudor, Mombasa, na njia ya kuwafundisha watu kulitunza



Mtu akisimama penye daraja la Nyali na kutazama upande wa bara, huona mkono mpana wa bahari ukiingia ndani kati ya kisiwa cha Mombasa na Kisauni. Mkono huo ndio hori la Tudor. Maji yake hutoka bahari kuu, hupita mbele ya Ngome ya Yesu na Bandari ya Kale, huenda chini ya daraja, kisha hujitanua kama ziwa mpaka kufika kwenye mikoko ya Mishomoroni, Junda, Mikindani na Jomvu. Huko mwisho huteremka mito miwili, Kombeni na Tsalu, itokayo upande wa vilima vya Rabai.

Hori hili ni shamba la watu wengi, ingawa halilimwi kwa jembe. Wavuvi hutega nyavu zao humo. Wanawake waitwao mama karanga huwangoja ufuoni, hununua samaki wadogo, huwakaanga, na jioni huwauza kando ya barabara. Kwa fedha hizo watoto hulishwa na kusomeshwa. Kamba na kaa hukua kati ya mizizi ya mikoko, na samaki wengi ambao baadaye huvuliwa bahari kuu walilelewa humo walipokuwa wadogo. Tena mikoko yenyewe hushika udongo wa ukingo usichukuliwe na mawimbi.

Walakini hori hilo hilo limefanywa jaa. Mwaka 1999 watu wa Mombasa walihesabiwa kuwa 665,018. Mwaka 2019 walikuwa 1,208,333. Watu wamekaribia kuwa maradufu katika miaka 20, bali mabomba ya maji machafu na magari ya kuzoa taka hayakuongezeka kwa kiasi hicho. Ni sehemu ndogo tu ya mji iliyounganishwa na mabomba. Kwa hiyo maji ya vyoo, chupa za plastiki, matambara, nepi za watoto, mafuta machafu ya gereji na mabaki ya sokoni, vyote hupata njia ya kuingia majini.

Basi jambo la kuulizwa ni hili: watu wafundishwe nini, na kwa njia gani, ili hori lipate kupona?

KOSA LA KUDHANI KWAMBA BAHARI HUCHUKUA

Watu wanaotupa taka katika hori si watu wabaya. Wengi wao ni watu wanaopenda usafi sana. Mama huamka kabla ya jua kuchomoza, hufagia ua wake, hukusanya takataka kapuni na kuzipeleka ukingoni. Maji yakijaa huzichukua, na jioni akitazama hazipo tena. Moyoni mwake anajua kwamba amefanya kazi njema, na nyumba yake kweli ni safi. Kosa lake ni la hesabu tu. Ameyaona maji yakienda, hakuyaona yakirudi.

Yafaa kufahamu jinsi maji yanavyokwenda. Katika pwani ya Kenya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda uzidio kidogo saa 24. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi meta 3, kama futi 10 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo huwa ndogo, na maji husogea kidogo tu.

Sasa, hori ni kama chupa yenye shingo nyembamba. Maji yaliyo karibu na mlango hubadilishana upesi na maji ya bahari kuu. Lakini yale yaliyo ndani kabisa, karibu na Mikindani na Jomvu, yakianza kutoka wakati wa kupwa hayafiki mlangoni kabla maji ya kujaa hayajayakuta njiani na kuyarudisha. Hivyo huenda na kurudi, huenda na kurudi, na katika siku za maji mafu hukawia zaidi. Kilichotupwa mbele ya mtaa mmoja asubuhi huenda kikapita mbele ya mtaa wa pili adhuhuri, na usiku kikarejea kwa mwenyewe. Tena bamvua ijapo huyapandisha maji mpaka ndani ya mikoko. Huko taka hunaswa na mizizi, na maji yakipwa huziacha humo. Hakuna aliyezichukua. Zimebadilisha mahali tu.

Wavuvi wazee wayajua hayo yote bila kusoma kitabu, maana ndiyo hesabu ya kazi yao ya kila siku. Kwa sababu hiyo, mwalimu wa kwanza wa usafi wa hori si lazima atoke ofisini na karatasi mkononi. Aweza kuwa mvuvi wa hapo hapo, ambaye watu wanamjua na kumheshimu.

UCHAFU UNAFANYA NINI MAJINI

Mtu hawezi kukataa jambo asiloujua ubaya wake. Ni lazima watu waelezwe, kwa maneno wazi, kila aina ya uchafu hufanya nini.

Kwanza ni maji ya vyoo na vitu viozavyo. Samaki huvuta pumzi kwa hewa ya oksijeni iliyochanganyika na maji. Uchafu unapooza, vijidudu viuozeshavyo hutumia hewa hiyo hiyo, na uchafu ukizidi, hewa huwapungukia samaki. Wenye nguvu hukimbia, wasioweza hufa. Ni kweli kwamba mikoko na matope yake huweza kupokea maji machafu na kuyasafisha kidogo, na mikoko ya Mikindani imechunguzwa na wataalamu kwa ajili ya jambo hilo. Lakini kazi hiyo ina kiasi chake. Punda aliyezoea magunia mawili hawezi kubebeshwa kumi kwa sababu tu hakulalamika.

Pamoja na uchafu huo huja maradhi. Kijidudu cha kipindupindu huweza kuishi katika maji yaliyochanganyika ya mto na bahari, na chaza, ambao hula kwa kuchuja maji, huweza kukiweka ndani ya miili yao. Kwa hiyo chaza na kaa watokao katika maji machafu wasiliwe bila kupikwa sawasawa. Tena kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na nyufa nyingi. Shimo la choo likichimbwa karibu na kisima, maji ya shimo hupita katika nyufa hizo na kuingia kisimani. Nyumba iliyo mbali na hori isidhani kwamba habari hii haiihusu.

Pili ni plastiki. Ganda la ndizi huoza likawa udongo. Chupa ya plastiki haiozi. Jua na mawimbi huivunja vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo samaki huvimeza wakidhani ni chakula. Mtu akitazama mti wa mchu ataona mizizi yake ikichomoza juu ya matope kama penseli nyingi. Hiyo ndiyo pua ya mti. Ikifunikwa na mifuko na matambara, mti hukosa pumzi, na mche mchanga hulazwa chini ukafa kabla ya kuota majani mengi.

Tatu ni mafuta. Mwaka 1988 mafuta mengi yalivuja yakaingia katika hori la Makupa, jirani ya hori la Tudor, na mikoko ya huko ikafa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nalo lilionekana na kila mtu. Lakini fundi wa gari amwagaye debe moja la mafuta machafu mtaroni kila juma haonekani na mtu, na mafundi wako wengi. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki ni cha sumu.

Nne ni udongo, na hapa mkulima wa bara naye asikilize. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi sana mpaka mikoko ya hori la Mwache, upande wa pili wa Mombasa, ikafunikwa mizizi na kufa. Udongo huo ulikuwa rutuba ya mashamba. Aliyelima mteremko bila matuta alipoteza shamba lake, na mvuvi akapoteza mikoko yake, siku ile ile na kwa maji yale yale. Mkulima wa upande wa Rabai achimbaye matuta na kuacha majani kando ya mto Kombeni anamsaidia mvuvi wa Junda ambaye hajapata kumwona.

NJIA YA KUFUNDISHA

Kwa muda mrefu mafundisho ya usafi yamekuwa ni ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa: USITUPE TAKA HAPA. Mtu husoma, husogea hatua kumi, na kutupa pale. Ubao umemkataza bali haukumfundisha. Zifuatazo ni njia zifaazo zaidi.

Ya kwanza ni kufundisha kwa macho. Mwalimu wa shule iliyo karibu na hori achukue makumbi makavu ya nazi, ayatie alama kwa kisu, na kuyaachilia majini wakati maji yanapoanza kupwa. Makumbi huelea, wala hayadhuru kitu. Watoto, pamoja na wazazi wao, wasimame mahali mbalimbali kando ya hori na kuandika saa kumbi lilipopita, na liliporudi. Wafanye hivyo siku ya bamvua, kisha siku ya maji mafu. Mtoto aliyeliona kumbi lake likirudi hahitaji kuambiwa mara ya pili. Naye atakwenda kumwambia mama yake nyumbani, na mama atamsikia kuliko atakavyosikia kipaza sauti cha barabarani.

Ya pili ni kuhesabu. Watu wakisafisha ufuo wasikimbilie kutia kila kitu katika gunia na kwenda zao. Wazitenge taka kwa namna zake: chupa huku, nepi huku, viatu huku, nyavu zilizochakaa huku. Wahesabu na kuandika. Mtaa ukijua kwamba nusu ya taka zake ni chupa, utatafuta mnunuzi wa chupa. Ukijua kwamba ni nepi, utajua kwamba kina mama wachanga wanahitaji mahali pa kuzipeleka. Bila hesabu watu hupiga kelele tu wasijue waanzie wapi.

Ya tatu ni kusema na kila mtu kwa kazi yake. Mvuvi aambiwe habari za malezi ya samaki. Mama karanga aambiwe kwamba mnunuzi akiogopa maradhi hatanunua samaki wake. Fundi wa gari aonyeshwe kwamba mafuta machafu huweza kuwekwa katika pipa na kuuzwa. Mwenye nyumba za kupangisha aambiwe habari za shimo la choo na kisima. Na msukuma mkokoteni wa taka, ambaye watu humdharau, ahesabiwe kuwa mtu muhimu, maana akichoka njiani ataumwaga mzigo mtaroni. Alipwe vizuri na aonyeshwe mahali halali pa kuupeleka.

Ya nne ni kutenga taka nyumbani. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 yataka vitu viozavyo vitengwe na visivyooza. Maganda ya mhogo na mabaki ya jikoni hufanya mboji nzuri ya mchicha. Visivyooza huwekwa mbali na kuuzwa au kuchukuliwa. Wala plastiki isichomwe uani, kwa kuwa moshi wake huwadhuru watoto.

Ya tano ni kutochoka. Desturi imekuwa kwamba siku ya mazingira, tarehe 5 Juni, watu wengi huvaa fulana mpya, husafisha ufuo, hupigwa picha, na kuondoka. Bamvua ifuatayo huleta taka nyingine, na watu husema, “Tulifanya kazi bure.” Hawakufanya bure, bali waliacha mapema. Mtaa ukichagua siku mbili kila mwezi, mara tu baada ya bamvua, utapata taka zote zimekusanywa na bahari yenyewe penye mstari mmoja ufuoni. Huko ndiko kufanya kazi kwa akili.

LAWAMA NA HAKI

Pamoja na hayo haifai kumtwika lawama yote mkazi wa mtaa wa kimaskini. Mtu akipanga chumba katika nyumba ambayo watu wengi wanagawana choo kimoja kilichojaa, hata akihubiriwa usafi usiku na mchana, maneno hayatamchimbia choo kingine. Mafundisho yasiyo na pipa la taka, gari la kulizoa, wala choo, ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea mchangani.

Kwa hiyo mafundisho yawe na sehemu mbili: wajibu na haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya kuishi mahali safi pasipodhuru afya. Katiba hiyo hiyo imeweka kazi ya kuzoa taka na kuangalia maji machafu mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hukataza kumwaga uchafu majini, na viwanda na mahoteli hayakuachwa nje. Wazee wa mtaa, kamati za wavuvi na vikundi vya kina mama waijue mikutano ya bajeti ya kaunti, waende na hesabu zao za taka zilizoandikwa, na kuuliza kwa adabu lakini bila woga: gari la mtaa huu liko wapi? Mwenye hesabu mkononi ni vigumu kumpuuza.

YALIYOKWISHA KUFANYIKA

Asiwepo mtu wa kusema kwamba mambo haya hayawezekani. Sheria ya kukataza mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza kutumika tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake kubwa ni faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Wengi walisema kwamba biashara itakufa. Haikufa, watu walirudia vikapu na kutafuta mifuko ya namna nyingine.

Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa maji, na msafiri aingiaye kisiwani kwa njia ya Makupa alikaribishwa kwa moshi na uvundo. Mwaka 2018 jaa hilo lilifungwa, mahali pakasawazishwa na kupandwa miti. Hapo karibu palikuwa na tuta la Makupa lililozuia maji ya upande mmoja yasikutane na ya upande wa pili. Mwezi wa Agosti 2022 likafunguliwa daraja jipya mahali pa tuta, na maji yakapata tena njia ya kupita chini yake. Makosa ya miaka mingi yaliweza kurekebishwa watu walipokubali kwamba ni makosa.

Na kutoka Lamu kulikuja somo la ajabu. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi liitwalo FlipFlopi, kwa plastiki na kandambili zilizotupwa. Lilishushwa majini mwezi wa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, mwendo wa kilometa 500 hivi, likitua bandarini njiani na kuwafundisha watu. Mtoto aliyeligusa jahazi lile kwa mkono wake hakuhitaji hotuba ndefu kama hii.

MANENO YA MWISHO

Mikoko ya Kenya iliwekwa chini ya ulinzi wa Serikali tangu mwaka 1932, lakini hakuna askari wa kutosha kulinda kila mzizi. Mlinzi wa kweli ni yule akaaye kando yake. Akijua jinsi maji yanavyokwenda, atailinda kwa faida yake mwenyewe; asipojua, hata askari mia hawatatosha.

Basi, enyi mkaao kando ya hori, na ninyi wa bara ambao mito yenu huteremka humo, kesho maji yatakapoanza kupwa nendeni mkatazame. Wachukueni watoto. Tazameni maji yanakwenda na nini, kisha ngojeni saa sita, mtazame yanarudi na nini. Wazee walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Hori nalo halimnyimi mtu alichokitupa. Humrudishia mlangoni pake, au hukiweka mlangoni pa mwanawe.

Kwaherini.